Nyuzi za mgomba kwa kidonda: shajara ya mradi

Alhamisi, 6 Februari 2025

Leo nimekaa asubuhi nzima kwenye chumba cha kufungia vidonda, katika kliniki moja mashariki mwa jiji, kwa ruhusa ya Sista msimamizi. Nilienda na maswali kumi na mawili kuhusu bei ya shashi. Sikuuliza hata moja.

Mtoto wa miaka kama minne aliletwa na nyanyake. Chai ilikuwa imemmwagikia mkononi siku tatu nyuma. Shashi iliyofunika kidonda ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kadi, imeshikana na kilicho chini yake. Sista aliimwagia maji ya chumvi, akasubiri, akamwagia tena, kisha akaanza kuivuta kwa kibanio, uzi mmoja mmoja. "Pole baba, pole, tunamaliza sasa." Nyanya alikuwa amemkumbatia mtoto huku amegeuza uso ukutani. Pembe ya mwisho ilipoachia, niliona utando mwembamba wa waridi umeondoka na shashi.

Sista aliniambia baadaye, akinawa mikono: "Hiyo uliyoiona ni ngozi mpya. Kila tukibadilisha dresingi tunarudi nyuma hatua moja."

Pendekezo langu la mradi lilisema tutapima nyuzi za mgomba zinafyonza maji kiasi gani. Bado tutapima. Lakini kuanzia leo kipimo kikuu ni kingine: je, kitambaa chetu kitabanduka bila kuondoka na ngozi changa?

Jumatano, 12 Februari

Mashina mawili ya mgomba yamefika kutoka Murang'a juu ya pikapu ya maparachichi. Mgomba ukishazaa mkungu wake mmoja hauzai tena. Mkulima huukata ili machipukizi yapate nafasi, na shina huozea shambani au hupewa ng'ombe. Mjomba hakunidai kitu ila nauli ya mzigo.

Mizani imesoma kilo 43. Tumeyabambua gamba baada ya gamba, tukalaza kila gamba juu ya ubao na kulikwangua kwa kisu butu mpaka ute wote ukatoka na utembo, yaani nyuzi zenyewe, ukabaki. Kazi hii inataka mkono uliozoea. Ukikandamiza, nyuzi zinakatika. Ukilegeza, zinabaki na ute. Mwenzangu alikulia Kisii na ameisokota kamba ya mgomba tangu utotoni. Mimi niliharibu magamba sita ndipo nikaushika mwendo. Koti langu la maabara limepata madoa ya utomvu ambayo hayatatoka kwa sabuni yoyote.

(Nyongeza ya Ijumaa: zilipokauka, nyuzi zote zimetoa gramu 370. Kilo 43 kwa gramu 370. Karibu shina lote ni maji.)

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya kupika. Utembo una selulosi kiasi cha asilimia 60. Kinachobaki ni hemiselulosi, lignini, pektini na nta kidogo. Pamba ni selulosi zaidi ya asilimia 90, ndiyo maana hailazimu kuteswa sana. Lignini ndiyo gundi inayofunga nyuzi nyingi ndogo ziwe uzi mmoja mnene. Uzi wa mgomba kabla ya kupikwa una unene unaopita maikroni 100 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na wa pamba uko kati ya 12 na 20. Pitisha utembo mbichi upande wa ndani wa mkono wako utajua tofauti hiyo bila hadubini: unakwaruza.

Nilitaka kuanza na magadi ya sokoni, yale tunayotia kwenye githeri ili mahindi yaive upesi. Ni rahisi, na Ziwa Magadi si mbali. Mzee, fundi wetu wa maabara, alikataa: "Binti yangu, magadi yana floraidi, tena kila gunia na lake. Leo utapata jibu hili, kesho lile." Nilijaribu fungu dogo hata hivyo. Zililainika kidogo tu, rangi ikabaki ya chai ya rangi, na ule mkwaruzo upo pale pale. Magadi hayana nguvu ya kuishinda lignini. Tukahamia kostiki ya maabara, soda kali inayochoma ngozi, asilimia 5, saa mbili motoni.

Kabla sijawasha, Mzee aliniondolea sufuria mkononi. Ilikuwa ya aluminiamu, kama sufuria nyingi zinazofuliwa Kamukunji. Kostiki huila aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na moto. Tumetumia chombo cha stili, miwani na glavu ndefu. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa yeyote atakayefuata njia yetu akiwa jikoni kwake.

Ijumaa, 28 Februari

Maji, maji, maji.

Nyuzi zilizopikwa ni laini kweli, ila zinateleza ndani ya glavu kama sabuni. Utelezi huo ni kostiki iliyobaki. Kidonda hakiwezi kuwekewa kostiki, kwa hiyo tunasuuza mpaka maji yaliyolowekewa nyuzi yasigeuke pinki ukiyadondoshea finofthalini. Mara ya kwanza pinki kali. Mara ya nne pinki. Mara ya nane bado, ingawa sasa ni hafifu kama kucha ya mtoto. Mara ya kumi na moja ndipo yakabaki meupe. Lita 90 za maji kwa gramu 200 za nyuzi, katika jengo linalopata maji siku mbili kwa wiki.

Inaniuma kwa namna yake. Migomba yetu imetoka Murang'a, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini, huko huko Murang'a. Tungekuwa tunapikia kwa mjomba, haya yote yasingekuwa tatizo.

Jibu limetoka kwa mama kwa simu, naye hajui finofthalini ni nini. "Maji ya mwisho si ni masafi? Yaweke, yasuuzie yale ya kwanza ya kesho." Ndivyo anavyofua nguo tangu nimjue. Tumefanya hivyo. Tena baada ya kusuuza mara ya pili tunatia asidi ya asetiki ya asilimia 1, ile ile iliyomo kwenye siki, nayo huizima kostiki. Sasa tunasuuza mara tano, na maji mapya ni lita 25 tu.

Jumanne, 11 Machi

Kitabu cha viwango cha dawa cha Ulaya kinataka pamba ya hospitali izame majini ndani ya sekunde 10, na ishike maji yasiyopungua mara 23 ya uzito wake. Nyuzi zetu zimezama kwa sekunde 4. Tumepiga makofi. Kisha tukapima zinavyoshika: mara 11. Tukaacha makofi. Zinakubali maji upesi lakini hazina nafasi ya kuyaweka, kwa sababu zinalala bapa. Pamba imejikunja na kujaa hewa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepoteza fungu zima leo, na kosa ni langu.

Tulikuwa tunang'arisha nyuzi kwa haidrojeni peroksaidi. Weupe si urembo hapa. Sista lazima aione rangi ya usaha na damu kwenye kitambaa, kwani rangi hiyo humwambia kidonda kinaendeleaje; kitambaa cha kahawia kitamficha habari. Jiki tuliikwepa kwa sababu klorini hubaki na harufu na mabaki.

Bomba lilikuwa kavu, nikachota maji ya boza yaliyokuwa kwenye pipa nyuma ya jengo. Pipa ni la chuma na ndani lina kutu. Dakika tano baada ya kutia peroksaidi, povu lilianza kupanda. Dakika ya nane lilikuwa limemwagika mezani, na chombo kilikuwa cha moto kuliko moto niliouwasha. Chuma kilichomo kwenye maji huivunja peroksaidi kwa kasi na kuzaa chembe kali zinazoikata selulosi yenyewe. Nilipozitoa nyuzi zilikatika mkononi kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Gramu 180, kazi ya wiki mbili.

Kuanzia sasa: maji yaliyotoneshwa kwa hatua hii pekee, na EDTA kidogo ya kuyafunga madini. Mzee hakunilaumu. Aliniletea kikombe cha chai, akaanza kupangusa meza.

Jumatatu, 7 Aprili

Mambo mawili mafupi.

Binamu yangu wa Mombasa ameniuliza kwa nini tusitumie sufi, ambayo ni laini kuliko chochote. Nilimtumia video: tonge la sufi linaelea kwenye bilauri, na baada ya saa nzima bado linaelea. Nyuzi za sufi zina nta nje na hewa ndani, ndiyo sababu ziliwahi kujazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa mto ni tamu. Kwa kidonda kinachotoa majimaji, hapana.

La pili: mvua imeharibu barabara ya kwa mjomba, na mashina hayaji. Jana alfajiri nilipita Marikiti kununua ndizi za nyumbani nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Wachuuzi wanakata chane na kutupa vikonyo vya mikungu, na kufikia saa mbili kuna lundo lililonifika kiunoni. Kikonyo nacho kimejaa utembo. Mama mmoja wa pale alinipa gunia zima, akanishukuru kwa kumpunguzia taka. Nyuzi zake ni fupi kuliko za shina, lakini sisi tunazikata vipande vya milimita chache hata hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Leo kitambaa cha kwanza kamili. Nyuzi zilizokatwa tunazitawanya majini, tunazikinga juu ya wavu kama watengeneza karatasi, tunakausha polepole bila kukandamiza. Kimetoka cheupe, kinene kama kipande cha blanketi jembamba, na ukikishika juu ya dirisha unaona nyuzi zimelala kila upande.

Kufyonza tumepima kwa utaratibu wa dresingi za Ulaya, EN 13726: kipande cha sentimita 5 kwa 5, maji yenye kloridi ya sodiamu gramu 8.298 na kloridi ya kalsiamu gramu 0.368 kwa lita, ambayo madini yake yanakaribiana na ya majimaji ya kidonda; nyuzijoto 37, dakika 30, kisha kinaning'inizwa sekunde 30 kabla ya kupimwa. Kitambaa chetu kimebeba mara 9 ya uzito wake, na shashi ya dukani mara 6.

Kisha kile nilichokingoja tangu Februari. Tumeyeyusha jelatini ya dukani, ile ya kupikia, tukaimimina kwenye sahani nyembamba, tukalaza juu yake shashi upande mmoja na kitambaa chetu upande wa pili ikiwa bado vuguvugu. Jelatini huingia kati ya nyuzi na kukauka imezishika, kama afanyavyo kidonda. Siku moja kwenye kabati la nyuzijoto 37. Asubuhi tukafunga kila kimoja kwenye mizani ndogo ya kuning'inia na kuvuta taratibu.

Shashi iliachia kwa gramu 310, ikang'oa jelatini kwa mistari iliyofuata nyuzi zake. Chetu kiliachia kwa gramu 340.

Nilivuta kipande cha pili, na cha tatu. Chetu kinashika kuliko shashi. Na nilipoleta lenzi, niliona jambo baya zaidi: nyuzi fupi zimebaki zimesimama juu ya jelatini kama ndevu za siku mbili. Nyuzi zinazobaki ndani ya kidonda mwili huziona kama vitu vigeni, na kidonda kinakaa na uvimbe badala ya kufunga.

Tulikuwa tumetengeneza kitu cheupe, safi na chenye kufyonza vizuri, ambacho kingemliza yule mtoto kuliko shashi. Nimeandika namba zote jinsi zilivyo.

Jumamosi, 3 Mei

Kijana wa bodaboda anayenibeba kila asubuhi ameungua shavu la mguu kwa egzosi. Alikuwa amepaka dawa ya meno. Aliposikia ninatengeneza nini alisema, "Dada, si unipe kipande tu? Mimi nitakuwa wa kwanza."

Nimemwambia hapana. Iliniwia vigumu, kwa sababu ananiamini na nina vitambaa thelathini kwenye droo. Lakini migomba hukaa udongoni, na udongo una spora za pepopunda, mbegu ngumu za vijidudu vyake. Spora hizo hazifi kwa kuchemshwa. Zinataka mvuke wa nyuzijoto 121 chini ya shinikizo, dakika 15 au zaidi, na vitambaa vyangu bado havijapita huko. Havijajaribiwa juu ya chembe hai maabarani. Hatuna idhini ya kamati ya maadili kugusa mgonjwa, na hakuna dresingi inayoingia sokoni Kenya bila kupita Bodi ya Famasia na Sumu. Mgomba kuwa mmea haumaanishi ni salama ndani ya mwili wa mtu.

Tulienda naye kliniki, akasafishwa na kudungwa sindano ya pepopunda. Nimemwambia pia, na ninaliandika hapa kwa sababu kila nyumba ina jiko: ukiungua, papo hapo ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na siagi hufungia moto ndani.

Jumanne, 27 Mei

Wiki tatu za kusoma zimetufikisha kwenye karboksimethili, kikundi cha kemikali kinachopachikwa kwenye selulosi. Hospitali kubwa hutumia dresingi za nyuzi za selulosi iliyobadilishwa hivyo: uzi ukikutana na majimaji unavimba na kuwa kama jeli, na jeli haishikani na nyama.

Tumefanya ndani ya kabati la kuvutia hewa, na Mzee amesimama pembeni. Nyuzi zinalowekwa kwenye isopropanoli (aina ya alkoholi) yenye kostiki, kisha tunaongeza asidi ya monokloroasetiki. Hiyo ni sumu inayopenya ngozi. Sitaki mtu yeyote aiguse nje ya maabara. Kila kiungo cha sukari katika selulosi kina nafasi tatu zinazoweza kubadilishwa. Ukifikia wastani wa nafasi 0.2 au 0.3 zilizobadilishwa kwa kila kiungo, uzi unavimba lakini unabaki uzi. Ukikaribia 0.4 na kupita, unaanza kuyeyuka.

Fungu la kwanza liliyeyuka. Lilikuwa bakuli la uji. Fungu la pili tumepunguza asidi na muda, tukapata nyuzi zinazosimama. Na hapa desturi yetu yote ya kusuuza imegeuka: nyuzi hizi haziwezi kuoshwa kwa maji matupu, zitavimba na kushikamana. Tunaziosha kwa alkoholi ya asilimia 80, kuondoa chumvi na mabaki, na alkoholi tunaitonesha upya.

Alhamisi, 12 Juni

Jelatini tena. Safari hii kitambaa kilichobadilishwa, kile cha Aprili, na shashi, vyote chini ya plastiki nyembamba inayozuia unyevu usitoroke, saa sita.

Kitambaa kipya kimegeuka kiwe kama utando wa yai lililopikwa nusu, kinaangaza, na unaona sahani chini yake. Nilikishika pembe kwa kibanio. Kilikuja chote, kipande kimoja, na sindano ya mizani ilitikisika tu pale chini. Jelatini ilibaki na uso laini, na chini ya lenzi niliona nyuzi mbili, mbili tu, kwenye sahani nzima. Shashi ilitoka na mistari yake ile ile. Kwa kufyonza, kipya kimebeba mara 17 ya uzito wake.

Nililia kidogo, na mwenzangu akanipisha.

Kisha tukafanya jaribio la kuumiza: saa 24, bila plastiki. Kitambaa kipya kilikauka kikawa kigumu na kushika kama gundi. Kwa hiyo jibu lina sharti lake. Kinabanduka vizuri kikiwa na unyevu. Hii inarudi kwa George Winter, aliyechapisha mwaka 1962 kwamba vidonda vya nguruwe vilivyofunikwa visikauke vilipata ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya vilivyoachwa wazi. Kitambaa chetu kitafaa kidonda kinachotoa majimaji mengi, na juu yake kiwe na kifuniko. Kidonda kikavu kisiwekewe.

Jumatano, 18 Juni

Otoklevu, ule mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, imetukatalia. Vile vya Aprili vilitoka salama kwenye mvuke wa 121, ila vipya vilikunywa mvuke, vikalala na kushikamana kama ngozi ya ngoma. Viwanda hutumia mionzi kwa vitu vya aina hii, na hilo ndilo tutaanza kuliombea nafasi wiki ijayo, pamoja na jaribio la chembe hai.

Jioni nilimpelekea Sista sahani tatu za jelatini ndani ya kiboksi cha chakula. Alivaa glavu, akachukua kibanio chake, kile kile. Alibandua shashi kwanza. Alibandua chetu, akakirudisha, akakibandua tena polepole zaidi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu. Nyuma ya pazia mtoto mwingine alikuwa analia.

"Hiki kingekuwa mkononi, sawa," alisema. "Je, kwenye goti, mtu akitembea?"

Sikuwa na jibu. Nikirudi nimenunua pakiti tatu za jelatini na kipande cha bomba la mpira, kinachokunjika kama goti, cha kuimiminia juu.